Kwa Heshima ya Walioziba Ufa wa 2038

Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja alfajiri na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Bujumbura, kompyuta zinazohesabu wakati kwa biti 32 zitafika sekunde ya 2,147,483,647 tangu mwaka 1970 ulipoanza. Sekunde itakayofuata hazina pa kuiandika. Ile ambayo haikurekebishwa itageuka ghafla na kutangaza kwamba leo ni Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901. Kwa hesabu yake, Mwezi Gisabo ndiye mwami wa Burundi, mkataba wa Kiganda wa 1903 bado haujamfika, na mji huu ni kituo cha kijeshi cha Wajerumani kiitwacho Usumbura. Mtaa wetu wa Jabe haupo.

Nataka kuwasifu watu waliofanya kazi miaka kadhaa ili alfajiri hiyo waumini wa Buyenzi watoke msikitini, mikate itoke tanurini, na asiwepo hata mmoja atakayejua kwamba palikuwa na jambo. Ni ufundi wa aina inayonyimwa sifa, kwa kuwa ukifaulu hauonekani. Sidhani kama wengi wao wamewahi kusikia jina la Jabe. Hata hivyo nadai kwamba waliifanyia kazi mitaa kama huu kuliko walivyoufanyia mji wowote wa kitajiri, na sababu yangu iko juu ya meza za mafundi wetu.

Jabe ni jirani wa Bwiza na Buyenzi, mahali ambapo Kirundi na Kiswahili hupokezana ndani ya sentensi moja na Kifaransa huingia pale kinapotajwa kipuri. Kwenye meza ya fundi wa vifaa vya umeme hutakosa kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya ikiwa na kibandiko cha ofisi iliyoichoka, ruta mbili tatu zisizo na mfuniko, dekoda, na simu zilizofunguliwa vifua. Hakuna anayeuliza kifaa kina umri gani. Swali ni moja: kinawaka au hakiwaki? Kikiwaka, kina mnunuzi.

Mafundi hao wanaijua saa ya kompyuta kuliko wasomi wengi. Mteja analeta mashine, analalamika kwamba intaneti ipo lakini kila ukurasa unakataa kufunguka, unamwonya kuhusu usalama. Fundi haulizi mengi. Anatazama pembe ya kioo, anaona tarehe ya miaka mingi iliyopita, anafungua boksi na kung'oa betri bapa ya CR2032, ile ya volti 3 inayolinda saa wakati umeme umekatika. Imekufa. Vyeti vya usalama vya kurasa zile vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani iko zamani huviona kama vyeti ambavyo bado havijaanza kutumika. Anaweka betri mpya, anarekebisha tarehe, mteja analipa na kuondoka. Katika mji unaojua kukatika kwa umeme, hayo ni mambo ya kila wiki. Ruta nyingi hazina hata hiyo betri. Kila zinapowashwa huanza upya na kungoja mtandao uziambie ni lini, na nyingine huamka zikiamini ni 1970.

Kumbe tarehe si pambo la pembeni mwa kioo. Ndani ya mfumo endeshi kuna sehemu iitwayo keneli, inayosimama kati ya programu na chuma chenyewe, na keneli hugonga muhuri wa wakati juu ya kila kitu: faili lilipoandikwa, lilipofunguliwa mara ya mwisho, pakiti ya mtandao ilipoingia, programu ilale mpaka lini, nani aamshwe kwanza. Mihuri hiyo ikisema uongo, nakala rudufu huruka mafaili mapya kwa kuyadhani ya kale, hesabu za riba huenda kinyume, na kifaa kilichoagizwa kisubiri sekunde tano hukosa kabisa kujua zitaisha lini.

Waliouanzisha mfumo huu wa kuhesabu wakati walikuwa na sababu zao. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo endeshi wa Unix, cha Novemba 1971, kinaonyesha kwamba Ken Thompson na Dennis Ritchie walihesabu wakati kwa vipande vya sekunde, 60 katika kila sekunde, tangu Januari ya mwaka ule ule. Kwa mwendo huo namba ya biti 32 hujaa baada ya miaka miwili na ushei. Ikabidi mwanzo wa hesabu usogezwe, kisha usogezwe tena, mpaka wakaamua kuhesabu sekunde nzima na kuanzia 1970. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno wakati huo, na mtu anayebana kila biti hawezi kulaumiwa kwa kutofikiria miaka 68 mbele. Ninachowalaumia watu ni cha baadaye: namba ile ilinakiliwa kila mahali, kwenye hifadhidata, kwenye diski, kwenye vifaa vya viwandani, miaka mingi baada ya kumbukumbu kuwa rahisi.

Kwa nini 2,147,483,647? Kati ya biti 32, moja imetengwa kuonyesha kama namba iko juu ya sifuri au chini yake. Zinabaki 31. Zote zikishajaa moja, ongeza moja tena: zile 31 zinarudi sifuri, na inayowaka ni ile iliyotengwa kwa alama. Namba kubwa kuliko zote imekuwa ndogo kuliko zote kwa hatua moja. Ndiyo maana tarehe hairudi 1970, inapitiliza hadi 1901.

Na tusidhani ni jambo la kungoja hadi 2038. Mwezi Mei 2006, programu ya kuhudumia kurasa za wavuti iitwayo AOLserver ilianza kuanguka bila sababu iliyoonekana. Wasimamizi walikuwa wameiandikia kwamba miunganisho yake na hifadhidata isikatwe mpaka zipite sekunde bilioni moja, yaani milele kwa maoni yao. Sekunde bilioni ni kama miaka 31 na miezi minane. Siku ilipofika ambapo leo kujumlisha bilioni kulivuka mpaka wa 2038, "milele" ikawa imeshapita kabla haijaanza. Vivyo hivyo mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliotolewa mwaka 2024 unaisha 2039. Hati ya miaka kumi itakayotolewa Februari 2028 itakuwa na tarehe ya kuisha ambayo mashine ya biti 32 haiwezi kuiandika. Benki na ofisi hukutana na mwaka huo kabla kalenda haijaufikia.

Mtu atasema: tumieni biti 64, mambo yaishe. Kweli, namba ya biti 64 huhesabu sekunde kwa muda wa miaka bilioni 292, na kompyuta mpya za biti 64 zilikuwa salama tangu mwanzo. Kama wajenzi wa mfumo endeshi wa Linux, hao ninaowasifu, wangeishia hapo, wangekuwa na hoja. Nunueni mashine mpya, muda upo. Hapo ndipo namsifu Mjerumani Arnd Bergmann, mmoja wa watunzaji wa keneli ya Linux, aliyeshikilia kwamba hoja hiyo haitoshi. Vichakataji vidogo vya biti 32 viliendelea kutengenezwa kwa wingi, viliingizwa kwenye ruta, mita, mashine za viwandani na magari, na vingine vingeuzwa miaka mingi baadaye vikiwa na kazi ya miaka mingi zaidi. Kifaa cha namna hiyo hakitupwi kwa sababu kalenda imebadilika. Kinahama mikono. Na mikono ya mwisho kukipokea, kwa uzoefu wangu, iko Jabe, iko Gikomba ya Nairobi, iko Kariakoo.

Sasa, kukubali kwamba kazi ifanywe ni jambo moja. Kuifanya ni jambo lingine, kwa sababu ya kanuni ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amekuwa akiisimamia kwa ukali: keneli mpya isiharibu programu ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi. Programu iliyokusanywa miaka kumi iliyopita, ambayo mwandishi wake hayupo tena, inauliza keneli "saa ngapi?" na inatarajia jibu la ukubwa ule ule iliouzoea. Ukiipa jibu pana, litafurika na kufunika kumbukumbu ya jirani. Wajenzi walikuwa wanabadilisha msingi wa nyumba wapangaji wakiwa wamelala ndani, na wapangaji wengine hawajui kwamba nyumba ina msingi.

Walianzia ndani. Mwaka 2014, toleo la 3.17 lilileta umbo jipya la kubebea wakati, timespec64, lenye sekunde za biti 64 hata kwenye mashine ya biti 32. Halafu dereva mmoja wa kifaa baada ya mwingine, mfumo wa faili mmoja baada ya mwingine, ikatafutwa kila sehemu iliyoshika wakati kwa umbo la zamani. Katika kutafuta huko walikutana na mitego ya kila aina. Mashine ya biti 32 haiwezi kusoma namba ya biti 64 kwa pumzi moja. Inasoma nusu ya juu, kisha nusu ya chini, na kama saa imebadilika katikati unapata tarehe ambayo haijawahi kuwapo. Dawa yake ni kaunta ndogo pembeni: anayeandika huiongeza kabla na baada, anayesoma huitazama kabla na baada, na akiona imebadilika hurudia kusoma. Kwa msomaji hakuna kufuli, hakuna foleni. Napenda sana ufumbuzi wa aina hiyo, unaomwachia msomaji jukumu la kujihakikishia mwenyewe.

Mahali pengine walikubali nusu shari. Ujumbe unaotoka kwenye kibodi na kipanya una nafasi ya biti 32 tu kwa sekunde, na umbo lake haligusiki bila kuvunja programu nyingi. Basi wakaamua namba hiyo isomwe bila alama, biti zote 32 zihesabu. Mpaka ukasogea hadi 2106. Fundi mwenye kiburi angekataa kuacha kiporo cha namna hiyo. Mimi naona ni busara: kipanya hakihitaji kuishi zaidi ya hapo.

Kisha ikaja zamu ya mafaili, na hapa jina la kushukuru ni Deepa Dinamani. Kila faili ndani ya keneli hubeba mihuri ya wakati, na mifumo ya faili ni makumi, kila mmoja na watunzaji wake na mazoea yake. Kubadilisha mmoja mmoja haiwezekani, maana wote wanashiriki umbo moja. Kubadilisha wote kwa siku moja ni kuomba balaa. Alichofanya ni kuandaa njia kwanza: mahali palipokuwa panachukua wakati moja kwa moja pakawekwa kazi ndogo ya kati ya kuuomba, toleo baada ya toleo, bila jambo lolote kubadilika kwa mtumiaji. Njia ilipokuwa safi, badiliko kubwa lenyewe likafanywa kwa mpigo mmoja, sehemu yake kubwa ikiandikwa na zana ya kubadilisha msimbo iitwayo Coccinelle, likaingia katika toleo la 4.18 mwaka 2018. Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko tendo. Seremala yeyote anajua kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Lakini keneli kujua tarehe si sawa na diski kuweza kuiandika. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumiwa na mashine nyingi za Linux, ulikuwa umeshapata ufumbuzi wake ambao kwangu ni kito cha habari hii nzima. Ulikuwa na uwanja wa ziada wa biti 32 kwa ajili ya nanosekunde. Nanosekunde hazizidi bilioni moja, na bilioni inatosha ndani ya biti 30. Zikabaki biti mbili zisizo na kazi. Wakazichukua hizo mbili na kuziunganisha na sekunde: biti 32 zikawa 34, na mpaka ukatoka 2038 ukaenda 2446. Akiba haiozi. Mashaka yamebaki kwa diski zilizoumbizwa kizamani, zenye kumbukumbu ya baiti 128 kwa kila faili badala ya 256. Hizo hazina uwanja wa ziada, na hakuna ujanja utakaozivusha.

Watu wa mfumo wa XFS walikwenda njia nyingine katika toleo la 5.10, Desemba 2020. Wao waliunda hesabu moja ya nanosekunde ya biti 64, wakaianzisha Desemba 1901, pale pale ambapo tarehe ya zamani ilikuwa inaishia kwa upande wa nyuma, ili kila tarehe iliyowahi kuandikwa ipate nafasi. Hesabu hiyo inafika Julai 2486. Na kwa mifumo isiyoweza kuokolewa, toleo la 5.4 la mwaka 2019 liliweka adabu mpya: muhuri ukizidi uwezo wa diski, usizunguke kurudi nyuma, ukwame kwenye tarehe ya mwisho inayoandikika. Tena keneli hutoa taarifa diski inapofunguliwa. Ukitazama kumbukumbu za mashine utakuta mstari unaosema kwamba mfumo fulani wa faili unakubali mihuri mpaka 2038, na pembeni namba 0x7fffffff. Wengi huupita wakidhani ni kelele. Ni barua.

Mlango wa mwisho ulikuwa ule wa programu zenyewe. Toleo la 5.1, Mei 2019, liliongeza miito mipya 20 ya mfumo kwa mashine za biti 32, namba zake zikianzia 403, kila mmoja ukiwa pacha mpana wa mwito wa zamani. Ya zamani haikuondolewa. Programu ya kale inaendelea kugonga mlango wake wa kale. Mpya inagonga mpya. Toleo la 5.6, Machi 2020, ndilo la kwanza ambalo mashine ya biti 32 inaweza kuvuka nalo 2038 kwa ukamilifu. Maktaba ya C iitwayo musl ilikuwa tayari mwezi mmoja kabla, glibc ikafuata mwaka 2021, na Debian ikafanya uhamisho wake mkubwa mwaka 2024, ukatoka katika Debian 13, Agosti 2025.

Wako waliolichukua jambo hili kwa panga. OpenBSD walibadilisha kila kitu kwa biti 64 katika toleo la 5.5 la Mei 2014, programu za zamani zikavunjika, wakaendelea na safari. Waliweza kwa sababu wanajenga keneli na programu zake pamoja, chini ya paa moja. Nawaheshimu, walimaliza miaka sita kabla. Ila njia yao inamtaka kila mtu ajenge upya kila alichonacho, na mtu anayeishi kwa kufufua mashine za wengine hana chanzo cha programu hizo wala hawajui walioziandika. Kwake yeye, uvumilivu wa Linux ndio ulio na faida.

Kuna jambo dogo moja ninalolipenda kuliko yote, ingawa halihusu 2038 hata kidogo. Ndani yake Linux huhesabu wakati kwa nanosekunde katika namba ya biti 64 yenye alama, na hesabu hiyo nayo itajaa, mwaka 2262. Wajenzi waliliona hilo. Wakaifundisha keneli ikatae mtu akitaka kuipangia tarehe inayopita mwaka 2232, ili hata mashine itakayowashwa siku hiyo iwe na miaka 30 ya kukaa bila kuzimwa kabla haijafika ukingoni. Kompyuta itakayokaa miaka 30 bila kuzimwa! Bujumbura tungeridhika na wiki moja.

Sifa hizi zina mipaka. Keneli iliyotengenezwa 2020 haimsaidii aliyebaki na ya 2012, na vifaa vingi vilivyoko mezani Jabe vilitoka kiwandani na keneli ya zamani ambayo mtengenezaji hana mpango wa kuigusa. Simu za Android za biti 32 ziko vibaya zaidi: maktaba yake ya C imebakisha wakati wa biti 32 kwa programu za aina hiyo, na hilo halitabadilishwa. Kazi ya mafundi wa keneli imefanya uponaji uwezekane. Kuuleta mpaka kwenye kifaa ni kazi ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni wewe, fundi wa Jabe. Ukipata mashine ya Linux, fungua dirisha la amri uandike `date -u -d @2147483648`. Ikikujibu 2038, programu hiyo imevuka. Ikikujibu 1901, au ikilalamika, umeshajua. Tazama na namba ya keneli: kwa mashine ya biti 32 unataka 5.6 kwenda juu. Ruta inayokubali OpenWrt iwekee toleo la 22.03 au la baadaye, kwa kuwa hilo ndilo lililoingiza musl yenye wakati wa biti 64. Diski ya ext4 unayoiumbiza upya ipe kumbukumbu ya baiti 256 kwa kila faili. Na kifaa kisichovuka usimuuzie mtu anayekwenda kukifunga kwenye zahanati au kwenye pampu ya maji, mahali ambapo hakuna atakayekitazama tena mpaka kiharibike. Mwambie ukweli, apewe kingine.